Majivu, Fukusi na Chupa Kumi na Sita

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu walezi wa klabu za sayansi

Wazazi wetu mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi wanangu, hamjambo?

Nimeomba ruhusa niongee Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na nimekubaliwa. Najua ripoti zenu mnaziandika kwa Kiingereza, na mtihani ni hivyohivyo. Lakini jaribio la sayansi halianzi siku ya kuandika ripoti. Linaanza pale mtu anapobishana na mwenzake jikoni, shambani au kwenye daladala, na ubishi huo kwetu haufanywi kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayebishana kwa lugha anayoiota usiku huona upesi mahali hoja yake inapovuja. Leo nataka tupatazame hapo panapovuja.

Mbele yenu kuna meza imefunikwa kanga. Tutaifunua mwishoni. Kwanza niwasimulie.

Nilipoanza kufundisha baiolojia, huku huku Nyanda za Juu Kusini, wanafunzi wangu walikuja na swali zuri. Kijijini pale karibu kila nyumba ilihifadhi maharage kwa majivu. Bibi anapepeta, anaanika, anachukua majivu ya jikoni, anayachekecha, anayachanganya na maharage, kisha anatia kwenye gunia au debe. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa fukusi hawapendi majivu. Wanafunzi wakasema, Mwalimu, tupime kama ni kweli.

Tulichukua makopo mawili ya plastiki. Kopo la kwanza tukatia maharage na majivu. La pili tukatia maharage peke yake. Fukusi tukawatia kote kuwili. Majivu yalikuwa yanapeperuka na kuchafua kabati, kwa hiyo kopo lile tukalikaza kifuniko chake. Lile jingine tukalifunga kitambaa. Tukasubiri miezi miwili. Tulipofungua, maharage ya majivu yalikuwa mazima, punje zinang'aa ukizifuta. Yale mengine yamebunguliwa, unga umejaa chini ya kopo, na fukusi wanatembea juu. Tulifurahi mno. Siku ya wazazi tuliyaweka makopo yale mezani, wanafunzi wakaeleza vizuri, watu wakapiga makofi.

Ndipo mama mmoja, mkulima, akasogea. Aliyatazama makopo kwa muda, kisha akaniita pembeni. "Mwalimu, samahani. Hili la majivu mbona mmelikaza kifuniko, na hili mmelifunga kitambaa? Mimi nikikaza debe langu vizuri, fukusi wanakufa hata bila majivu."

Alikuwa amesema kweli tupu. Fukusi anapumua kama sisi. Ukimfungia mahali pasipoingia hewa, yeye na wenzake wanaimaliza oksijeni iliyomo, wanadhoofika, wanaacha kuzaa, wanakufa. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, mnayoiona madukani msimu wa mavuno, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo miezi miwili yetu ilikuwa imetuonyesha nini? Kwamba majivu yanafukuza fukusi? Au kwamba kifuniko kinawaua? Kopo lile lilibeba majibu mawili kwa pamoja, na hapakuwa na namna yoyote ya kuyatenganisha. Hata tungesubiri mwaka mzima, hata tungehesabu kila punje, tusingeyatenganisha. Kosa lilikuwa limeshafanyika siku ya kwanza, pale tulipokaza kifuniko kimoja.

Mama yule sikumsahau. Tangu hapo, nikikaa na wanafunzi kupanga jaribio, tunaacha kiti kimoja kitupu. Kiti hicho ni cha mkaidi. Mkaidi ni mtu mwerevu, mwenye heshima, asiye na chuki na sisi, ila hakubali jambo kirahisi. Kila tunachokipanga, tunamgeukia na kumuuliza: baba, mama, hapa utasemaje? Akiwa na neno, tunarudi kupanga upya, kabla hatujamwaga hata punje moja. Nimekuja hapa kwa ajili ya jambo hilo moja. Kidhibiti katika jaribio, lile kopo la kulinganishia, ni jibu kwa swali la mkaidi. Kama hujalisikia swali lake, hujui uweke kopo gani.

Nitawapa mfano wa mtu aliyemsikiliza. Mwaka 1668, huko Italia, daktari mmoja aliyeitwa Francesco Redi alitaka kujua funza wa kwenye nyama iliyooza wanatoka wapi. Wengi wakati ule waliamini kwamba nyama yenyewe ikioza inazaa funza. Redi alichukua chupa nne zenye mdomo mpana, akatia nyoka kwenye moja, samaki kwenye nyingine, mikunga ya mtoni kwenye ya tatu, na nyama ya ndama kwenye ya nne. Akazifunga sawasawa. Kisha akajaza chupa nyingine nne kwa vitu vilevile, hizo akaziacha wazi. Tazameni hapo, chupa zinafanana kwa kila kitu isipokuwa kufungwa na kutofungwa. Nzi waliingia kwenye chupa zilizo wazi, na funza wakaonekana. Zilizofungwa hazikuwa na funza hata mmoja.

Mkaidi wa zama zile angesema nini? Angesema: umeinyima nyama hewa, na nyama isipopata hewa itazaaje? Ni swali la haki kabisa, na ni lilelile la mama yangu wa siku ya wazazi. Redi alirudi akafanya tena, safari hii akafunika kwa kitambaa chepesi sana kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Hewa imeingia, nzi hawakuingia, funza hawakutokea kwenye nyama. Hapo mkaidi hana pa kushika. Jaribio la pili la Redi ndilo ninalolipenda zaidi, maana halikufanywa kumfurahisha aliyekwisha kukubali.

Sasa turudi kwenye maharage yetu, tulipange upya jaribio lile nililoliharibu mimi.

Swali kwanza, na liwe jembamba. "Je, majivu yanasaidia?" ni swali pana mno. Yanasaidia nini, kwa nani, kwa muda gani? Tuseme hivi: maharage yaliyochanganywa na majivu ya kuni, yakikaa wiki sita pamoja na fukusi, yatakuwa na punje chache zilizotobolewa kuliko maharage yasiyo na majivu? Hapo kila neno linashikika. Kitu tunachokibadilisha kwa makusudi ni kuwepo au kutokuwepo kwa majivu. Tutakachokihesabu ni punje zenye matundu. Vyote vilivyobaki, chupa, kitambaa, aina ya maharage, idadi ya fukusi, mahali pa kuweka, viwe sawa. Vitabu vinaviita vigeu: kigeu huru, kigeu tegemezi, na vigeu vilivyodhibitiwa. Majina hayo mtayahitaji kwenye mtihani. Kwenye meza, jiulizeni tu: nabadilisha nini, napima nini, naacha nini kama kilivyo?

Kabla ya kuanza, andikeni mnachotegemea kukiona, na andikeni pia ni matokeo gani yatawafanya mkubali kwamba mlikosea. Hili la pili ndilo watu wanaloliruka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi naona neno hilo limekaa kwenye sayansi kuliko hata kwenye mpira. Jaribio lisiloweza kukuangusha halijakupima.

Chupa. Tunatumia chupa za maji za nusu lita, zote za aina moja, zimeoshwa na kukaushwa. Mdomo wa kila moja, wenye majivu na usio na majivu, unafungwa kipande cha kanga iliyochakaa na kukazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Hewa inapita, fukusi hapiti. Yule mama, nikimwonyesha chupa hizi leo, kwenye kifuniko hatanikamata.

Lakini atakuwa na jingine. Atasema: Mwalimu, majivu ni vumbi. Mbona mimi nikichanganya maharage na udongo laini uliochekechwa, nao unasaidia? Hapo lazima tufikiri. Ngozi ya mdudu ina utando mwembamba wa nta unaozuia maji ya mwilini yasipotee. Vumbi kavu, la aina nyingi, hukwaruza utando huo au huunyonya, na mdudu anakauka. Vumbi pia hujaza nafasi kati ya punje na punje, fukusi akashindwa kupita. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba majivu yanasaidia, lakini si kwa sababu ni majivu. Ukiwa na chupa za majivu na chupa tupu peke yake, yaani zenye maharage na fukusi bila majivu, huwezi kujua. Unahitaji kundi la tatu: maharage, fukusi, na udongo laini mkavu, ujazo uleule wa majivu, umechekechwa kwa chekecheo lilelile.

Wanangu, hapa naomba mtulie kidogo, maana hapa ndipo ripoti nyingi za wanafunzi ninazozisoma huwa zinaanguka. Kidhibiti si lazima kiwe kile kisichofanyiwa kitu. Mara nyingi kisichofanyiwa kitu hakitoshi. Ukitaka kujua kama mbolea ya samadi inakuza mchicha kwa sababu ya virutubisho vyake, au kwa sababu inashika maji, kopo lenye udongo mtupu halitakwambia. Lazima utafute kitu kinachoshika maji kama samadi lakini hakina virutubisho vyake. Kazi ya kukitafuta kitu hicho ni ngumu, inaumiza kichwa, na ndiyo ubunifu wenyewe. Wengi wanadhani ubunifu katika sayansi ni kuunda mashine. Mimi nimeuona zaidi kwa binti wa kidato cha pili aliyekaa siku tatu akitafuta kopo sahihi la kulinganishia.

Tuendelee. Maharage yenyewe tumeyanunua sokoni. Mkaidi anauliza: una hakika hayana fukusi tayari? Hatuna. Fukusi jike hutaga mayai madogo mno. Yakianguliwa, buu mchanga hutoboa punje akaingia, na tundu aliloingilia ni dogo huwezi kuliona kwa macho. Anakula na kukua humo ndani, na tundu la mviringo mnalolijua nyumbani ni la kutokea, fukusi mzima akishakomaa. Punje inaweza kuonekana safi kabisa kumbe ndani ina mpangaji. Dawa yake ni kuyafunga maharage yote kwenye mfuko wa plastiki na kuyaweka kwenye friza inayogandisha vizuri kwa wiki moja, hata kama ni friza ya muuza samaki jirani, mkimwomba kwa adabu. Baridi ile inaua mayai na mabuu. Mkiyatoa, msiufungue mfuko mpaka maharage yarudi kwenye joto la kawaida, yasije yakashika unyevu.

Na bado mkaidi hajatosheka. Baridi ikiacha wachache hai, je? Ndiyo maana tunaweka kundi la nne: maharage yaliyotoka friza, hayana majivu, hayana udongo, na hatukuyatia fukusi hata mmoja. Kundi hili, kama kazi ya friza ilikwenda vizuri, litakaa wiki sita bila tundu. Likitoka na matundu, tunajua kuna fukusi ambao hatukuwaweka sisi, na hesabu zetu zote zinapaswa kutiliwa shaka. Wanafunzi huwa wanalidharau kundi hili kwa sababu halina kinachotokea. Mimi ndilo la kwanza kulitazama.

Sasa linakuja jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, na nilipolijua nilikaa nikafikiria upya kila jaribio la nafaka nililowahi kusimamia. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu fukusi wa maharage. Walikuwa hawatumii dawa wala majivu. Walikuwa wanayabiringisha maharage tu, kidogo, kila siku. Idadi ya fukusi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Sababu ni hii: buu mchanga anapotaka kutoboa punje hujiegemeza kwenye punje ya jirani ili apate nguvu ya kusukuma, na kazi hiyo inamchukua kama siku nzima. Ukizibiringisha punje kabla hajamaliza, anapoteza tundu lake, anaanza upya, anaishiwa nguvu, anakufa nje.

Fikirini maana yake kwetu. Kuchanganya majivu ni kubiringisha. Mwanafunzi anayeinua chupa kila asubuhi na kuitikisa ili aone maendeleo, anawaua mabuu bila kujua. Na atakayetikisa zaidi chupa za majivu, kwa kuwa majivu yanaziba asione, atapata matokeo mazuri ya majivu yaliyotengenezwa na mikono yake mwenyewe. Basi kanuni yetu ni moja kwa chupa zote: siku ya kwanza, kabla ya kutia fukusi, kila chupa inageuzwa mara 20, hata ile isiyo na kitu cha kuchanganya. Baada ya hapo haiguswi mpaka siku ya kuhesabu. Unataka kutazama, tazama kwa macho, mikono nyuma.

Idadi ya chupa. Kwa nini chupa nne kwa kila kundi, na si moja moja? Kwa sababu kila chupa inapata fukusi 10, na fukusi dume na jike si rahisi kuwatofautisha kwa macho yetu. Chupa moja inaweza kuangukia majike wanane, nyingine wawili. Ungekuwa na chupa moja ya majivu na moja tupu, na bahati ikagawa hivyo, ungetangaza ushindi wa majivu kumbe ni upungufu wa majike. Chupa nne hazikuhakikishii, lakini zinakupa kitu ambacho chupa moja haiwezi kukupa kamwe: unaona chupa za kundi moja zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Tuseme chupa tupu zimetoka na punje 60, 75, 48 na 70 zilizotobolewa, na za majivu zimetoka na 5, 11, 3 na 9. Haya ni makundi mawili yasiyogusana, na mkaidi ananyamaza. Lakini tupu zikitoka na 60, 20, 48 na 15, na majivu 30, 11, 52 na 9, makundi yameingiliana. Hapo hatuna neno la kusema, hata kama wastani wa kundi moja uko chini ya mwenzake. Semeni tu kwamba jaribio halikuweza kutofautisha. Hiyo ni sentensi ya heshima kabisa kwenye ripoti, na mwalimu atakayeipunguzia alama aje tuzungumze.

Makundi manne mara chupa nne ni chupa 16. Kila moja ina punje 200 za kuhesabu, kwa sababu shule nyingi hazina mizani nzuri, na kuhesabu kila mtu anaweza. Hiyo ni punje 3,200. Gawaneni, ni kazi ya saa moja kwa klabu nzima.

Mahali. Chupa zote kwenye rafu moja, mbali na jua la dirishani. Hata hivyo rafu ina upande wa dirisha na upande wa ukuta, na fukusi kwenye joto hukua haraka zaidi. Kwa hiyo msizipange kundi kwa kundi. Andikeni namba 1 hadi 16 kwenye vikaratasi, vikunjeni, mtu achomoe. Kura iamue chupa ipi ikae wapi. Kura haina mpendwa. Na joto hilohilo linaamua muda: kwenye hali ya joto fukusi humaliza mzunguko wa yai hadi mdudu mzima kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo, lakini kwenye baridi ya Njombe au Makete mtahitaji kusubiri zaidi ya wiki sita. Amueni muda kabla ya kuanza, si baada ya kuona nani anaelekea kushinda.

Limebaki la kupima, na hapa siwezi kumpita Erasto Mpemba. Wengi mnalijua jina lake. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, akaamua kutia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyetia bila kuchemsha. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliendelea kuuliza, mpaka alipomuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, aliyekuja shuleni kwao kuzungumza. Osborne hakumcheka. Alirudi akaomba jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Watu wengi husimulia habari hii ikaishia hapo, kwenye kijana aliyedharauliwa akashinda. Mimi naipenda zaidi sehemu inayofuata, kwa sababu ubishi haujakwisha mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilichunguza upya na wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kwamba ukiweka kipimajoto kwenye chombo kimoja juu kidogo kuliko kwenye kingine, tofauti ya sentimita 1 tu, unaweza kupata matokeo ya uongo. Na kuna swali jingine gumu: kuganda ni nini? Ni maji kufika nyuzi 0? Ni barafu ya kwanza kuonekana? Ni chombo chote kuwa kigumu? Watu wawili wanaweza kufanya jaribio moja, mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema hapana, na wote wakawa waaminifu, kwa sababu hawakukubaliana neno moja. Heshima kubwa ya Mpemba kwangu ni kwamba swali la kijana wa kidato cha tatu limewalazimisha wanasayansi kufafanua walichodhani kila mtu anakijua.

Nasi tufafanue. "Punje iliyotobolewa" ni punje yenye tundu la mviringo lililopenya ganda, hata moja. Tundu tatu kwenye punje moja ni punje moja. Ganda lililopasuka bila tundu halihesabiwi. Lile duara linaloonekana kama dirisha ambalo fukusi bado hajalisukuma, tunalihesabu au hatulihesabu? Amueni leo, mwandike. Mimi huwa nalihesabu, maana fukusi yumo.

Na anayehesabu asijue anahesabu chupa ya kundi gani. Siku hiyo wanafunzi wawili wanamwaga chupa, wanachekecha majivu na udongo, wanaziosha na kuzifuta punje za chupa zote 16, pamoja na zile ambazo hazikuwa na vumbi, na kuziweka kwenye sahani zenye namba tu. Orodha ya namba inakaa kwa mlezi. Wahesabuji wanaingia baadaye. Hili si kwa sababu tunawashuku. Macho ya mtu anayetarajia kitu huona kitu hicho, yangu na yenu. Kwenye habari ya Mpemba, fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kupima alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Alikuwa mtu mwema anayefanya kazi yake. Ila jibu alikuwa amekwisha kulichagua.

Usalama, kwa ufupi. Msitumie dawa za nafaka za dukani kwenye jaribio hili, wala msizilete darasani. Mnapochekecha majivu, fungeni kitambaa puani. Siku ya mwisho maharage yote yamwagiwe maji ya moto kabla ya kutupwa. Tusije tukaipelekea stoo ya shule fukusi 120 na watoto wao.

Swali moja mtaniuliza, ngoja nilijibu mapema. Itakuwaje udongo ukifanya kazi sawa na majivu? Je, tutakuwa tumemwambia bibi kwamba amekosea? Hapana. Bibi alisema maharage yenye majivu hayabunguliwi, na hilo chupa zetu zitakuwa zimelithibitisha. Alichokuwa hajakijua, na sisi tulikuwa hatujakijua, ni kwamba nyumba isiyo na kuni, inayopikia gesi, inaweza kutumia udongo mkavu. Hiyo ni habari ya kumpelekea, kwa heshima, akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Na msishangae akiwa na swali la kurudisha.

Haya, mlezi, tusaidie kufunua meza.

Hizo ni chupa 16. Maharage yalitoka friza jana asubuhi. Majivu yako kwenye kopo jekundu, udongo kwenye kopo la bluu, vyote vimekaangwa kwenye sufuria vikakauka na kupoa. Fukusi wako kwenye chupa ile yenye kitambaa cheusi. Karatasi za kura ziko kwenye kofia. Kiti kile cha mwisho, mstari wa mbele, nimeomba kisikaliwe tangu asubuhi. Nani kati ya wazazi yuko tayari kukaa pale, na kutubishia?

Karibu, mama. Mwenye daftari, andika: chupa namba 1.